Mguu wa Kizuka

Malindi
6 Oktoba 1985

Dada yangu Harusi,

Shikamoo. Kichanga mbusu kwa niaba yangu, umbusu nyayo, maana usoni watu wamekwisha kumchosha. Nilipopata habari kwamba umejifungua salama nililia, lakini siku hizi nalia hata nikisikia mtu anakuna nazi, kwa hiyo usiyatie maanani.

Tazama mambo ya Mungu: wewe Kilifi umekaa arobaini, mimi Malindi nimekaa eda. Marehemu mama angesema alituzaa ili tukae. Tangu tumzike Mahadhi mimi ni kizuka wa kupigiwa mfano, mjane wa nguo nyeupe, mkeka na tasbihi, nyuma ya pazia kutwa. Mavyaa wangu, Mwana Jaha, huwaambia wageni, "Mkaza mwanangu hatoki hata uani. Mjane wa kukaa eda namna hii zama hizi hamumpati." Wageni huitikia, nami huku nyuma ya pazia nasikia yote.

Uliniuliza habari ya kile kisanduku cha michezo alichokileta kaka Gharib kutoka Jeddah. Kipo chini ya kitanda. Maskini Mahadhi alikiagiza mwenyewe, akakingoja mwaka mzima kama mtoto angojavyo Idi, kikafika siku ya hitima yake. Gharib alikiunga kwenye televisheni kunionyesha tu. Mimi nina moyo gani wa mchezo?

Lipo jambo dogo. Niliteleza chooni, mguu wa kushoto umevimba kidogo. Usishughulike nalo.

Barua hii utapewa na Randu, yule dereva wa lori la chumvi la Gongoni. Asubuhi akiteremka husimama hapa kunywa chai, na jioni akipandisha hupita tena. Mavyaa ndiye anayempa barua dirishani, kwa kuwa mimi sionani na wanaume. Wala usiogope kuniandikia utakalo: mavyaa husoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu, hizi zetu za skuli hazijui.

Mdogo wako,
Zuleikha


Kibarani, Kilifi
9 Oktoba 1985

Mdogo wangu Zuleikha,

Marahaba, na nyayo zimebusiwa. Mwenyewe alinipiga teke la mdomo.

Kuteleza chooni! Tangu udogo wako unatembea huku unatazama paa. Sasa nisikilize mimi mkubwa wako. Bi Mbeyu, anayenikanda tangu nijifungue, anakuja huko Malindi kwa binti yake, nami nimemwambia akupitie. Mikono yake usiione ilivyokunjamana. Juzi nilikuwa siwezi kugeuka kitandani, leo nainuka mwenyewe. Akukande mguu huo kwa mafuta ya nazi ya moto, akuchue kutoka kifundoni mpaka pajani, na usimwambie "basi" mpaka ulie. Ukilia ujue dawa imeingia. Mguu wenyewe usiukanyage. Kaa. Si ndiyo sifa yako mjini siku hizi?

Nakutania, lakini fahari ninayo. Wanawake wanaokuja kumtazama mtoto nawaambia habari zako, nao wanasema Mahadhi amepata mke wa dunia na akhera.

Baba watoto yuko Mombasa kazini, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Nami sina ruhusa ya kuvuka kizingiti, la sivyo ningekuja kukushika huo mguu mwenyewe.

Dada yako,
Harusi


Malindi
17 Oktoba 1985

Dada Harusi,

Shikamoo. Bi Mbeyu amefika. Amenikanda juzi na jana, na kulia nimelia, kwa hiyo kama ni dawa imeingia yote. Lakini mguu umekataa. Umevimba mpaka gotini, ngozi inang'aa, na ukiugusa ni wa moto peke yake, mwenzake ni baridi. Bi Mbeyu anasema ni uchafu unatafuta njia ya kutoka. Jumapili atakuja tena na majani yake, anikande mkando mkubwa.

Mavyaa jana alitaka niende hospitali. Nilimwambia kizuka hatoki. Akasema mgonjwa ana ruhusa, sharia haikuletwa kuua watu. Nikamwambia, mama, niache nikae eda yangu kwa heshima, na yeye akatazama pazia muda mrefu. Sikupenda alivyotazama. Lakini nikienda, daktari si ataniuliza nilianguka vipi?

Jingine si kitu: tangu jana, nikivuta pumzi kwa nguvu, pana mchomo ubavuni. Labda ni baridi ya sakafu.

Zuleikha


Kilifi
18 Oktoba 1985

Zuleikha,

Salamu baadaye. Barua yako imefika wakati jirani yangu Idah yuko hapa, yule muuguzi, amekuja kumpima mtoto. Nilimsomea habari ya mguu kwa mzaha, nikitaka aone mdogo wangu anavyojua kulalamika. Hakucheka. Alimlaza mtoto akaniambia nisome tena, polepole.

Anauliza haya, nawe umjibu neno kwa neno. Mguu uliuma siku ile ile ya kuteleza, au ulianza kuvimba tu? Ukikunja wayo kuelekea kwako, shavu la mguu linauma? Unakohoa? Kikohozi kina damu? Na lile alilolirudia mara mbili: kutwa unakaa vipi, na huinuka baada ya muda gani?

Anasema mtu akikaa kitako saa nyingi bila kuinuka, miguu imekunjwa, maji hanywi, damu ya mguuni hulala. Ikilala sana huganda ndani ya mshipa, kama samli kwenye chupa. Ikiganda pale huwa bonge, na mguu huvimba mmoja. Bonge lile likikaa mahali pake ni ugonjwa. Likikatika likapanda mapafuni, mtu hufa huku anazungumza. Na kitu kinacholikata upesi kuliko vyote ni kulikanda.

Nami ndiye niliyekuletea wa kulikanda. Zuleikha, usikubali mkono wa mtu uguse mguu huo. Nimemwambia Idah kwamba wewe uliteguka tu, akanijibu mguu ulioteguka haumchomi mtu ubavuni.

Nijibu kesho asubuhi na Randu. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Harusi


Malindi
19 Oktoba 1985

Dada,

Sikuteleza.

Kilichoko chini ya kitanda ni kisanduku kitupu. Mashine yenyewe iko mbele yangu, nimeifunika kanga kwa kuwa mavyaa yuko sebuleni.

Siku Gharib aliponionyesha, nilishika kile kishikio kwa adabu tu, ili asiseme nimemdharau. Dada, ni kijibwana kidogo, hana hata uso, ana kofia nyekundu na ndoo ya maji. Hupanda ngazi mpaka juu kwenye moto akauzime. Akikosea huanguka akafa. Lakini huyu hakupewa roho moja, amepewa tatu. Na zote zikiisha, nabonyeza kitufe, namwona anasimama tena pale chini na ndoo yake, mzima. Hujui raha ya kumwona mtu ameanguka halafu anasimama.

Nilisema nitacheza mara moja. Sasa nikishaswali alfajiri naketi, na nikishtuka naona wanaanua nguo. Waya ni mfupi, kwa hiyo lazima nisogee karibu na televisheni, na mguu wa kushoto nimeukunja chini yangu nimeukalia. Maji nimeacha kunywa ili nisiinuke kwenda chooni. Adhuhuri naichelewesha mpaka inagongana na alasiri, hilo Mungu ndiye anayenijua. Nikisikia mtu anakuja nafunika, nashika tasbihi. Sauti nimeipunguza, na mavyaa tena masikio yake si mazuri. Watu wanaposifu kukaa kwangu, hivyo ndivyo ninavyokaa.

Mwambie Idah: uliuma wenyewe, siku nyingi zilizopita, kama kukakamaa tu, nikaona aibu nikausingizia choo. Wayo nikiukunja naona nyota. Kukohoa nakohoa. Leo asubuhi kitambaa kilikuwa na rangi kidogo. Pumzi navuta nusu nusu.

Lakini siendi hospitali. Nikienda wataniuliza aliyoyauliza Idah, na mavyaa atakuwa amekaa pembeni yangu. Nimwambie nini? Kwamba mwanawe yuko kaburini na mkewe alikuwa akicheza? Alizaa mmoja tu. Mimi ndiye fahari aliyobaki nayo. Nikiiondoa hiyo, nitakuwa nimemzika Mahadhi mara ya pili mbele ya macho yake.

Bi Mbeyu atakuja kesho saa tatu, mavyaa mwenyewe kamwalika. Sijui nitamkataaje bila kusema sababu. Labda Idah amekosea. Nakuapisha kwa maziwa tuliyonyonya, usimwambie mavyaa. Ni bora mguu.

Barua hii nampa yeye ampe Randu. Ataishika mkononi mwake asijue ilichobeba.

Zuleikha


Kilifi
19 Oktoba 1985, adhuhuri

Kwa mama yangu mheshimiwa Mwana Jaha, Mungu akuhifadhi,

Nakuamkia kwa adabu zote, nikikushika miguu. Naandika kwa herufi za Kiarabu ili uisome wewe mwenyewe, asikusomee mtu. Khati yangu ni mbaya tangu chuoni. Nakuomba uivumilie, na uisome umesimama.

Mama, Zuleikha hakuteleza. Mguu wake una damu iliyoganda ndani, na ukikandwa tena, bonge linaweza kwenda mapafuni likamuua pale pale mkekani. Yanayompata kifuani ni dalili kwamba limeanza kukatika. Leo amekohoa damu, nawe hakukwambia. Jirani yangu muuguzi anasema ni wa kupelekwa hospitali sasa hivi, akiwa amelazwa, asitembezwe. Bi Mbeyu asimguse. Mimi ndiye niliyemleta Bi Mbeyu kwako, kwa ujinga wangu.

Ugonjwa umetokana na kukaa. Amekuwa akikaa siku kutwa mbele ya televisheni, akicheza mchezo ule wa marehemu, hainuki wala hanywi maji. Anakuficha. Hataki hospitali kwa sababu anaogopa wewe ujue, hana sababu nyingine yoyote. Ameniapisha kwa maziwa ya mama yetu nisikwambie, na hapa nakwambia. Kiapo nimekivunja, Mungu atanihukumu kwa hilo.

Hasira zako niwekee mimi. Yeye mpeleke kwanza, kisha umchukie ukipenda.

Idah amekwenda posta kupiga simu dukani kwa marehemu, akasahau kama mimi nilivyosahau kwamba duka limefungwa. Simu imelia tu, ya hospitali ya huko haikushika, naye ana zamu, hawezi kuja mwenyewe. Randu ameteremka Mombasa, leo analala huko na harudi mpaka kesho asubuhi, na njia nyingine sina. Natia barua hii mkononi mwa Mungu na mwa Randu.

Mwanao,
Harusi


Kilifi
21 Oktoba 1985

Zuleikha,

Randu amepita leo. Anasema jana alifika Malindi saa tatu imekwisha pita, akampa mavyaa wako barua yangu dirishani. Leo amesimama tena, amekunywa chai yake, na dirisha limefungwa. Amebisha, hakuna aliyejibu.

Nimemuuliza kama aliona watu mlangoni. Viatu je? Turubai? Anasema hakuangalia. Mtu anapita mbele ya nyumba ya watu, haangalii kama kuna turubai!

Ndiyo, nimemwambia. Nimekusaliti, na kama uko hai uje unitukane. Nitukane kwa barua, nitukane kwa mdomo, nitukane mbele za watu. Maziwa yamenikauka tangu jana na mtoto analia. Naandika kwa sababu nisipoandika nitavuka kizingiti hiki niende kwa miguu.

Andika hata neno moja.

Harusi


Malindi, hospitalini
22 Oktoba 1985

Kwa binti yangu mpenzi Harusi, Mungu akupe afya wewe na uliyemzaa. Baada ya salamu, nakuarifu kwamba ndugu yako yu hai. Nimelitanguliza hilo kwa kuwa najua unasoma umeshika kifua.

Barua yako ilifika Mbeyu amekwisha kupasha mafuta, na mguu wa Zuleikha umelazwa juu ya mto. Niliisoma dirishani, nimesimama kama ulivyotaka. Khati yako ni mbaya kweli. Nikaingia nikamwambia Mbeyu, mikono yako irehemewe, keti unywe chai. Akasema mafuta yatapoa. Nikasema yapoe.

Zuleikha alipoona barua ya herufi za Kiarabu mkononi mwangu, alijua. Alijifunika uso. Akasema, mama, kizuka hatoki. Nikamwambia eda hukaliwa na aliye hai. Nikalishika pazia lile nikaling'oa na kamba yake, nikaita vijana wa jirani wamchukue na mkeka wake. Wanawake wawili walikuwa barazani, mmoja akasema, "Kizuka anatolewa mchana?" Nikamjibu, "Natoa mimi, mwenye msiba. Wewe una msiba gani?" Na dirisha nililifunga kwa kuwa nyumba haikubaki na mtu.

Daktari amesema alivyosema muuguzi wako. Damu imeganda pajani, na kipande kimekwisha panda mapafuni, kidogo. Kingepanda kikubwa saa ile ningekuwa nakuandikia habari nyingine. Wamemtia dawa ya kuzuia damu isigande, kwa mshipa. Anapumua. Kiwiliwili chake ni dhaifu, lakini asubuhi aliuliza kama uji una sukari, nikajua amerudi.

Sasa takwambia jambo, nawe ulichukue vizuri.

Masikio yangu ni mazima. Watu wamezoea kudhani sisikii kwa sababu upuuzi siujibu. Ule mlio wa mchezo niliusikia tangu juma la kwanza. Nilikwenda mpaka kwenye pazia, nimekasirika, nimekwisha panga maneno. Nikamsikia akisema, "Panda, Mahadhi. Polepole, Mahadhi. Hapo hapo, bwana wangu." Kile kidude kikaanguka. Akasema, "Si kitu, inuka."

Binti yangu, tangu tumzike, watu wote wanamtaja kwa marehemu, marehemu. Mimi mwenyewe nilikuwa siwezi. Sikuwa nimelisikia jina la mwanangu likiitwa hivyo, kama mtu aliye chumba cha pili. Nikavuta kigoda nikaketi upande wangu wa pazia. Kesho yake nikaketi tena. Wageni walipokuja niliwasifia kukaa kwake ili wasimsumbue, naye asiache.

Kwa hiyo ukihesabu waliomkalisha, uanze na mimi. Nilimwona akichechemea, nikamwona anakataa maji. Nilitaka aende hospitali, na aliposema kizuka hatoki, ulimi ulikuwa hapa wa kumwambia najua yote, inuka. Sikusema. Nilimwonea haya yeye, naye ananionea haya mimi, na katikati kitambaa tu.

Nimemwambia haya jana. Alilia mpaka muuguzi akatufokea.

Mnyonyeshe mtoto. Nawe usilale tu kitandani kwa kuwa ni arobaini, tembea humo ndani. Daktari anasema nanyi wazazi damu yenu hulala.

Mamako,
Mwana Jaha


Malindi
12 Novemba 1985

Dada yangu Harusi,

Shikamoo. Nimerudi nyumbani juma lililopita. Uliniomba nikutukane, basi pokea: umenivunjia kiapo, umenitolea siri, umewafanya vijana wa mtaa mzima wanibebe kama gunia la chumvi. Mungu akulipe kheri duniani na akhera. Nikiwaza kwamba ungeutunza ule uaminifu wako, nasikia baridi.

Mguu bado mzito, na huenda usirudi kama zamani. Daktari amenifunga bendeji ndefu, na vidonge nitavimeza miezi. Kaniambia nikae nitakavyo, lakini nisikalie mguu, ninywe maji, na kila baada ya kitambo niinuke nizunguke, eda au si eda. Pazia mavyaa hajalirudisha. Anasema anayetaka kumwona kizuka ana macho yake.

Mtaani wanasema. Wanasema mke wa Mahadhi alifanyiwa kijicho, wengine wanasema mengine. Nilidhani nikisemwa nitakufa, kumbe kufa kwenyewe si hivyo.

Mashine nilitaka Gharib aichukue. Mavyaa amekataa. "Mwanangu aliingoja mwaka mzima," alisema, na siku ya pili nikamkuta ameketi kwenye kigoda chake mbele ya televisheni, kishikio amekishika kama mwiko. Hajui lolote. Kijibwana humtumbukia hata kabla ya ngazi ya kwanza. Anamgombeza, "Hukusikia? Tangu udogo wako husikii!" Nilitoka nje kwanza kabla ya kurudi kumwonyesha kitufe.

Sasa tunacheza kwa zamu, ila roho zake tatu zikiisha hatumrudishi papo hapo. Tunanyanyuka, tunazunguka ua mpaka kisimani, tunakunywa maji, ndipo tunarudi. Mimi nachechemea, yeye magoti yanalia.

Jana alasiri nilikuwa nimemfikisha juu kabisa, hatua moja kutoka kwenye moto, mahali ambapo sijapata kufika. Akaanguka. Roho ya mwisho. Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kitufe. Mavyaa akaniwekea mkono wake juu ya wangu.

"Inuka kwanza, mwanangu, tutembee," alisema. "Mahadhi atangoja."

Mdogo wako,
Zuleikha